Uzi: Safari ya diwani wa jiji Kisumu na Nakuru, kutoka mchujo hadi muhula wa pili

Karani_wa_Zamani
Kila msimu wa siasa ukikaribia, vijana huuliza jinsi ya kuingia udiwani, na majibu huwa ni yale yale: uwe na pesa, uwe na watu, usikose matanga. Uzi huu ni wa tarehe, fomu na hesabu, kwa sababu hapo ndipo wengi huangukia. Anayejua sehemu yake aongeze.

Kwanza tuelewane kuhusu jina. Tunasema "diwani" kwa mazoea, lakini diwani wa sheria ya zamani ya serikali za mitaa, Sura 265, alikwisha Machi 2013. Yule alikaa katika baraza la manispaa lenye karani wake, mweka hazina wake na mapato yake. Madiwani wenyewe ndio waliomchagua meya. Leo Kisumu na Nakuru ni majiji, Nakuru ikiwa imepewa hati tarehe 1 Desemba 2021, lakini hakuna baraza la jiji linalochaguliwa kwa kura. Kuna bodi ya jiji na meneja wa jiji, na majina ya bodi hupitia kwa gavana na bunge la kaunti. Unayempigia kura ni mwakilishi wadi, MCA, na kiti chake kiko katika bunge la kaunti nzima.

Hesabu hii iwekwe kichwani mapema. Nakuru Mjini Mashariki ina wadi 5: Biashara, Kivumbini, Flamingo, Menengai na Nakuru East. Nakuru Mjini Magharibi ina 6: Barut, London, Kaptembwo, Kapkures, Rhoda na Shaabab. Jumla 11, katika kaunti yenye wadi 55. Ni sehemu moja kwa tano. Kwa hiyo MCA wa Kaptembwo anayetaka mtaro wa maji taka lazima apate kura za wenzake wa Molo, Kuresoi, Naivasha na Gilgil, ambao nao wana barabara zao za mashambani. Kisumu ina wadi 35, na Kisumu ya Kati ni 6 tu kati ya hizo. Asiyejua kufanya urafiki na MCA wa Nyakach au Muhoroni atapiga kelele miaka mitano na asipate kitu.

Kijana_Shaabab
Asante mzee. Swali la haraka kabla hamjaenda mbali: shahada inahitajika au haihitajiki? Hapa mtaani kila mtu ana jibu lake.

Wakili_Milimani
Ndugu, sharti la shahada kwa MCA lilikuwa katika Sheria ya Uchaguzi, kifungu cha 22. Mahakama Kuu ikalitangaza kuwa kinyume cha Katiba Oktoba 2021, na uchaguzi wa 2022 ulifanyika bila sharti hilo.

Masharti yaliyobaki yako katika kifungu cha 193 cha Katiba. Uwe mpigakura aliyesajiliwa. Uwe raia kwa angalau miaka kumi kabla ya uchaguzi. Usiwe mfilisi ambaye hajaondolewa hali hiyo, wala mtu anayetumikia kifungo cha miezi sita au zaidi. Usiwe umepatikana kutumia vibaya ofisi ya umma. Kama ni mtumishi wa umma, Sheria ya Uchaguzi inataka ujiuzulu miezi sita kabla ya siku ya kura. Walimu na wauguzi wengi hupuuza hili wakidhani likizo inatosha. Likizo si kujiuzulu. Omba barua ya kukubaliwa kujiuzulu yenye tarehe na muhuri, uiweke pamoja na kitambulisho.

Ada ya tume ya uchaguzi, IEBC, katika uchaguzi wa 2022 ilikuwa shilingi 5,000 kwa MCA, na 2,500 kwa wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Hiyo ni ndogo. Ada ya chama ndiyo kubwa, na kwa kawaida hairudishwi hata ukishindwa mchujo, ile kura ya ndani ya chama ya kuteua mgombea. Ongeza fomu ya EACC, tume ya maadili na kupambana na ufisadi, ya kujitangaza kuhusu uadilifu na kanuni za maadili ya uchaguzi zilizotiwa sahihi. Jina katika cheti cha chama lifanane herufi kwa herufi na la kitambulisho. Kama unajulikana kwa lakabu na unataka itokee kwenye karatasi ya kura, shughulikia mapema kwa hati ya kiapo. Usingoje dirishani.

Mama_Kibuye
Na mtu akitaka kwenda bila chama? Huku Kisumu mchujo wa ODM huwa ndio uchaguzi wenyewe katika wadi nyingi. Wengine wanaona afadhali waende moja kwa moja debeni.

Wakili_Milimani
Bi, inawezekana, lakini kuna mitego mitatu.

Wa kwanza ni muda. Mgombea huru lazima awe hajawa mwanachama wa chama chochote kwa miezi mitatu kabla ya siku ya uchaguzi. Uchaguzi ujao ni Jumanne 10 Agosti 2027, basi uwe umetoka chamani kabla ya tarehe 10 Mei. Mchujo kwa kawaida huwa Aprili. Mtu anayeshindwa mchujo hubaki na siku chache sana za kuamua: apiganie cheti au ajiuzulu. Wengi huzimaliza siku hizo wakinung'unika, kisha milango yote miwili inafungwa.

Wa pili ni usajili usioujua. Mwaka 2021 Wakenya wengi waligundua wameandikishwa katika vyama bila ridhaa yao. Angalia hali yako kwenye mfumo wa Msajili wa Vyama kupitia eCitizen leo, usisubiri mwaka wa kura. Ukijitoa, hifadhi uthibitisho wa kujitoa.

Wa tatu ni sahihi. Katiba inadai wapigakura 500 waliosajiliwa katika wadi hiyo hiyo wakuunge mkono, nao wasiwe wanachama wa chama. Usikusanye 500 kamili. Mtu anaishi Manyatta lakini alijiandikisha Kolwa au nyumbani Siaya, na mwingine ni mwanachama wa chama bila kujua. Kusanya 800, kagua kila jina dhidi ya daftari la wapigakura, kisha chuja. Kazi hiyo wape watu wawili makini wenye kompyuta, isifanywe na kundi la vijana kumi wanaolipwa kwa idadi ya majina. Ukilipa kwa idadi utaletewa idadi.

Wakala_36A
Niseme kuhusu mchujo kwanza, halafu siku yenyewe.

Mchujo hupotea katika mambo matatu: orodha ya wanachama inayotumika kituoni, nani ana muhuri, na cheti kinaandikwa jina la nani usiku. Dai nakala ya orodha mapema. Wakala wako apige picha ya karatasi ya matokeo kituoni kabla haijasafiri. Cheti kikipewa mwingine, andika malalamiko kwa chombo cha ndani cha chama siku hiyo hiyo na upate nakala iliyopigwa muhuri wa kupokelewa. Jopo la Kutatua Mizozo ya Vyama litakuuliza ushahidi kwamba ulijaribu ndani ya chama kwanza. Anayekimbilia jopo mikono mitupu hurudishwa, na siku zinaendelea kwisha.

Sasa siku ya kura. Karatasi ya MCA ni ile ya rangi ya kahawia hafifu. Matokeo ya kituo huandikwa Fomu 36A, na jumla ya wadi huandikwa 36B katika kituo cha kujumlishia kura cha eneobunge. Kituo kimoja hakizidi wapigakura 700. Wadi yenye wapigakura 24,000 basi usiitarajie chini ya vituo 35, na kwa sababu hugawanywa shule kwa shule, mara nyingi huzidi. Kila kituo kinahitaji wakala mmoja wako ndani. Weka akiba ya watano wa kubadilishana. Ukitenga shilingi 2,000 kwa kila mmoja wa 40, hiyo ni 80,000, na pesa hiyo iwe imewekwa kando kabla ya kununua fulana hata moja. Wengi hununua fulana.

Kinachoharibika ni usingizi na njaa. Kura za rais huhesabiwa kwanza. Wakala aliyeamka saa kumi alfajiri amekaa hapo mpaka usiku wa manane, kura za MCA bado hazijaguswa, naye anaondoka kwenda kula. Fomu 36A inajazwa bila yeye, na sahihi yake haipo. Mpelekee chakula mlangoni saa moja jioni na tena saa nne usiku. Mwambie asitoke bila nakala ya fomu, na apige picha ile iliyobandikwa mlangoni.

Pia mfundishe kusoma fomu. Waliosajiliwa, kura halali, kura zilizokataliwa, jumla. Kura halali za wagombea wote zikijumlishwa zisipolingana na mstari wa chini, aseme hapo hapo na aandike katika nafasi ya maoni ya wakala. Kosa lisiloandikwa kituoni ni gumu sana kulithibitisha mahakamani.

Kaptembwo_Stendi
Nimeona wagombea wanajumlisha kwa simu, kila wakala anatuma namba kwa WhatsApp. Inatosha?

Wakala_36A
Haitoshi, ndugu. Namba bila picha haina uzito. Tengeneza jedwali lenye vituo vyote kwa mpangilio wa IEBC, na picha ya fomu iwe na jina la faili lenye namba ya kituo. Saa ya kujaza 36B, mtu wako akae na jedwali hilo mezani mbele ya msimamizi wa uchaguzi, alinganishe kituo kwa kituo. Pakitokea tofauti, taja kituo na ulete picha. "Tumeibiwa" si hoja ambayo msimamizi anaweza kuifanyia kazi.

Wakili_Milimani
Nikiongeza kwa ufupi: kesi ya uchaguzi wa MCA husikizwa katika mahakama ya hakimu, si Mahakama Kuu. Una siku 28 baada ya matokeo kutangazwa. Dhamana ya gharama ni shilingi 100,000, ndani ya siku 10 baada ya kuwasilisha. Uamuzi utoke ndani ya miezi 6. Rufaa huenda Mahakama Kuu, kwa masuala ya sheria tu. Kama huna fomu za vituo, hiyo laki moja ihifadhi.

Karani_wa_Zamani
Sasa ameapishwa. Hapa ndipo naomba msome polepole, kwa sababu mtu hupoteza muhula wake katika miezi sita ya kwanza na hajui.

Mwaka wa fedha wa kaunti huanza 1 Julai na kuisha 30 Juni. Anayechaguliwa Agosti 2027 anakuta bajeti ya 2027/28 imekwisha kupitishwa na bunge lililopita. Si yake. Mpango wa maendeleo wa mwaka, ADP, wa 2028/29 unatakiwa bungeni kabla ya 1 Septemba 2027, yaani wiki tatu tu baada ya kura. Maafisa wameshauandika. Kama hakwenda ofisi ya mipango wiki ile ile ya kuapishwa, wadi yake imo mle kwa maneno ya mtangulizi wake.

Lakini ana nafasi moja kubwa. Mpango wa miaka mitano, CIDP, wa sasa ni wa 2023 hadi 2027. Unaofuata utaandikwa mara baada ya uchaguzi. Mradi usiokuwamo ndani ya CIDP hauingii ADP, na usiokuwamo ADP hauna njia ya halali ya kufika katika makadirio. Diwani aliyejiandaa huingia na orodha yake tayari: jina la barabara, inakoanzia, inakoishia, urefu kwa mita, makalvati (mabomba ya kupitisha maji chini ya barabara) mangapi. Yule anayepeleka "kuboresha miundombinu ya wadi" atapewa hivyo hivyo alivyoandika, maneno matupu.

Baada ya hapo kalenda ni hii. Taarifa ya mapitio ya bajeti, 30 Septemba. Mkakati wa fedha, CFSP, 28 Februari: hapo viwango vya kila idara vinafungwa, na ndipo vita vya kweli vilipo, si Juni. Makadirio huletwa bungeni kabla ya 30 Aprili. Kupitishwa, kabla ya 30 Juni. Mswada wa Fedha, ule wa ada na ushuru, ndani ya siku 90 baadaye. MCA anayeamka Juni kudai mtaro anaambiwa idara ya barabara imeshafungiwa kiwango chake Februari, na ni kweli.

Hesabu tena. Bajeti zake kamili ni 2028/29, 2029/30, 2030/31 na 2031/32. Nne. Ile ya 2032/33 ataipitisha, lakini itatumiwa na atakayefuata. Na kwa kila bajeti toa miezi ya zabuni. Mwaka wa kwanza mzima hana shilingi yake ya kuonyesha, labda apate kidogo katika bajeti ya nyongeza, ile inayorekebisha bajeti mwaka ukiwa unaendelea. Awaambie watu wa wadi hivyo hadharani, kwa tarehe. Wasipoambiwa watasema amelala.

Kijana_Shaabab
Mzee, bajeti ya nyongeza ni nzuri au mbaya kwa wadi?

Karani_wa_Zamani
Inategemea nani anaisoma. Kaunti inapokosa mapato iliyotarajia, bajeti ya nyongeza ndiyo inayopunguza, na miradi ya wadi ambayo haijatangazwa zabuni hukatwa kwanza. Barabara yako ikiwa bado haina makadirio ya mhandisi kufikia Desemba, iko hatarini. Kwa hiyo sukuma makaratasi ya mradi Julai na Agosti, usingoje.

Mhandisi_Auji
Naomba niingie kwenye makaratasi hayo, kwa kuwa pesa nyingi za wadi za jiji hupotelea ardhini kihalisi.

Kasoro ya kwanza ni kugawa vipande. MCA anapata, tuseme, milioni 20, anaigawa mara kumi ili kila kijiji kipate. Milioni mbili katika mtaa wa jiji ni murram ya msimu mmoja. Mvua ya Aprili inaipeleka mtaroni, mtaro unaziba, nyumba zinaingia maji, na diwani anatukanwa kwa mradi aliouleta mwenyewe. Afadhali miradi mitatu inayofika mwisho.

Kasoro ya pili ni udongo. Nyalenda na sehemu za chini za Kisumu zina udongo mweusi unaovimba ukilowa na kupasuka ukikauka. Ukimwaga murram juu yake inazama. Lazima udongo huo uchimbwe na kuondolewa, yajazwe mawe, yashindiliwe kwa tabaka, halafu ndipo murram. Mtaro unatangulia, barabara inafuata. Nakuru ni kinyume: udongo wa majivu ya volkano ni mwepesi, maji yakipata njia yanakata mfereji upesi. Huko mtaro usio na kuta za mawe au zege unageuka korongo.

Kalvati ndogo ni hasara. Mitaani ambako takataka zinatupwa mitaroni, ya kipenyo cha milimita 450 huziba mapema sana. Dai 600 kwenda juu, na 900 penye mkondo. Na uliza maji yanaishia wapi. Mtaro wa Manyatta unaomwaga kwa jirani badala ya Mto Auji umehamisha mafuriko tu, na jirani naye ana kura.

Makadirio ya mhandisi, ile orodha ya kazi na bei, MCA ana haki ya kuyaona kupitia kamati. Ayachukue, aende nayo eneo la kazi. Kama imeandikwa sentimita 15 za murram iliyoshindiliwa, apime kwa rula. Si kazi yake kumpa mwanakandarasi amri wala kutia sahihi vyeti vya malipo, lakini swali lililoandikwa kwa waziri wa kaunti likiwa na vipimo hujibiwa.

Wakili_Milimani
Nasisitiza hapo kwa Mhandisi. MCA ni afisa wa serikali. Sheria ya ununuzi wa umma inamkataza kupata kandarasi ya kaunti yake. Wale wanaotaka kampuni ya shemeji ipewe kazi wanajitengenezea faili. Njia halali ya kuwasaidia vijana na akina mama wa wadi ni kuwasajili katika mpango wa AGPO, ambao unawatengea wao pamoja na watu wenye ulemavu asilimia 30 ya zabuni za umma. Kusajili vikundi ishirini vyenye makaratasi kamili ni kazi ya wiki chache, na matunda yake yanaonekana.

Kaptembwo_Stendi
Na taa? Mulika mwizi, zile za mlingoti mrefu, zilisimamishwa, zikawaka, sasa giza. Watu wanamlaumu MCA.

Mhandisi_Auji
Taa kuzimika kuna sababu tatu: bili ya Kenya Power haijalipwa, nyaya zimeibwa, au balbu na vidhibiti vimeharibika na hakuna aliyetengewa pesa ya matengenezo. Kusimamisha mlingoti ni bajeti ya maendeleo. Umeme na matengenezo ni matumizi ya kawaida, kifungu kingine kabisa cha bajeti. MCA anapopigania nguzo, apiganie na mstari wa matengenezo katika idara hiyo hiyo, mwaka huo huo. Taa za sola zinaepuka bili, ila betri zinaibwa, hivyo sanduku la betri liwe juu ya nguzo.

Mama_Kibuye
Sisi wa sokoni tunaumia kwa ushuru. Diwani anakuja na sukari wakati wa kampeni, halafu ada zinapanda na hajasema neno.

Karani_wa_Zamani
Bi, hapo ndipo Mswada wa Fedha unapohusika, na ni hati ambayo MCA wengi hawaisomi hadi jedwali la mwisho. Majedwali ndiyo yenye ada: kibanda kwa siku, gunia linaloshushwa, mkokoteni, choo, leseni, maegesho. Diwani mwenye soko la Kibuye, Jubilee au Wakulima karibu na wadi yake achukue jedwali la mwaka jana na la mwaka huu, aweke mstari kwa mstari, aonyeshe tofauti kwa asilimia, na aipeleke kwa viongozi wa soko kabla ya kikao cha ushirikishwaji wa umma. Katiba inalitaka bunge la kaunti kushirikisha umma. Wafanyabiashara wakija na maandishi yenye namba ya mstari wanaopinga na kiwango wanachopendekeza, kamati inalazimika kuyaweka katika ripoti yake. Wakija kupiga mayowe tu, ripoti itaandika kwamba umma ulihudhuria.

Na kikao kiwe saa ambayo soko linaweza kuja. Jumanne saa tatu asubuhi katika hoteli iliyo mbali na soko, ni nani atafunga kibanda?

Mwalimu_Kondele
Ningependa tutenge pia yasiyo kazi yake, maana ahadi za kampeni ndizo zinazomwua diwani muhula wa pili.

Jedwali la Nne la Katiba limegawa kazi. Kaunti: barabara za kaunti, taa za barabarani, masoko, takataka, mifereji, zahanati na hospitali za kaunti, shule za chekechea, vyuo vya ufundi vya vijijini, maji. Serikali kuu: polisi, shule za msingi na sekondari, vyuo vikuu, barabara kuu. Barabara ya Kisumu–Kakamega inayopita Kondele ni ya KeNHA, mamlaka ya barabara kuu. Barabara kuu ya Nairobi inayokata Nakuru ni hivyo hivyo. Nyingine mjini ni za KURA, mamlaka ya barabara za mijini. Mgombea anayesimama Kondele na kuahidi matuta kwenye barabara ya KeNHA ameahidi kitu cha mtu mwingine. Anachoweza ni kuandika barua na kupeleka hoja bungeni ili kaunti iombe rasmi.

Maji vilevile. KIWASCO na NAWASSCO ni kampuni za kaunti zenye bodi zake. MCA hawezi kuamuru bomba. Anaweza kuitisha maelezo kupitia kamati ya maji na kutengea wadi yake pesa za kupanua mtandao.

Basari ndiyo ngumu zaidi. Wazazi wanaitaka kuliko barabara. Lakini sekondari ni kazi ya serikali kuu, na kaunti inayoilipia inahitaji makubaliano ya maandishi baina ya serikali hizo mbili, la sivyo pesa hukwama kwa Msimamizi wa Bajeti. Diwani asitangaze majina ya wanafunzi kabla ya pesa kuidhinishwa kutoka Hazina ya kaunti. Mtoto akirudishwa nyumbani akiwa na barua ya basari mkononi, mzazi huyo hatasahau.

Kijana_Shaabab
Mwalimu, lakini watu wanapima diwani kwa mchango wa matanga na hospitali. Asipotoa atarudi kweli?

Mwalimu_Kondele
Atatoa, hiyo ni desturi yetu na hakuna anayeikataa. Ila mshahara wake umewekwa na tume ya mishahara, SRC, na bunge la kaunti haliwezi kujiongezea. Anayechanga kila wiki zaidi ya anachopata atatafuta pesa pengine, na hapo ndipo anaanza kuogopa kuuliza maswali kwa serikali ya kaunti. Diwani anayedaiwa hawezi kusimamia. Aweke kiwango kimoja kwa kila msiba, kijulikane, na asikivuke hata kwa tajiri.

Halafu kuna sheria ya harambee: anayeshiriki mchango wa hadhara ndani ya miezi minane kabla ya uchaguzi mkuu anaweza kuondolewa kugombea. Kwa Agosti 2027, hiyo inaanza Desemba 2026, wakati watu wako nyumbani kwa Krismasi na kila kanisa lina harambee.

Karani_wa_Zamani
Niongeze la ndani ya bunge. Kukosa vikao vinane katika kipindi kimoja cha bunge bila ruhusa ya maandishi ya spika na bila sababu ya kuridhisha kunaacha kiti wazi. Ruhusa ya mdomo koridoni haihesabiwi. Kujiunga na chama kingine ukiwa umechaguliwa kwa chama, au mgombea huru kujiunga na chama, ni hivyo hivyo.

Na zana za bunge zitumiwe kila moja mahali pake. Ombi la taarifa: MCA anauliza jambo mahususi, mwenyekiti wa kamati analeta jibu. Ndiyo ya haraka kuliko zote. Hoja: bunge linaazimia, lakini serikali ya kaunti inaweza kuikalia. Mswada: unakuwa sheria, unachukua muda na unahitaji msaada wa wanasheria wa bunge. Diwani mpya hupenda hoja kwa sababu zinatangazwa redioni. Yule mwenye busara huomba taarifa kumi, kila moja ikiwa na tarehe na kiasi cha pesa, na anapigania kukaa kamati ya bajeti au ya hesabu za umma. Kiti kimoja katika kamati ya bajeti ni bora kuliko hotuba za mwaka mzima.

Mama_Kibuye
Tusimsahau Grace Onyango. Alikuwa mwalimu, akaingia baraza la Kisumu, 1965 akawa meya, mwanamke wa kwanza nchini, na 1969 Kisumu Mjini ikampeleka Bunge, mwanamke wa kwanza kuchaguliwa mbunge Kenya. Alifariki Machi 2023. Njia hiyo ya kutoka wadi hadi juu bado ipo?

Karani_wa_Zamani
Ipo, Bi, lakini ngazi imebadilika. Zamani umeya ulikuwa daraja: ulionekana na mji mzima. Sasa MCA anaonekana na wadi yake tu. Anayetaka ubunge lazima jina lake lijulikane katika wadi tano au sita za eneobunge, na kinachomvusha ni uenyekiti wa kamati, kwa sababu kamati huzunguka kaunti nzima. Wengine wamepandia uspika, ambao si kiti cha wadi: Susan Kihika alikuwa spika wa kwanza wa bunge la kaunti ya Nakuru 2013, seneta 2017, gavana 2022.

Udiwani hauna kikomo cha mihula kama ugavana. Anayetaka kurudi aanze kwa kushughulikia miradi iliyo hatarini kutomalizika. Mwaka wa nne, pitia kila kandarasi ya wadi: ipi imelipwa, ipi inadaiwa, ipi imesimama. Asianzishe mpya katika bajeti ya mwisho mpaka zile zilizosimama zitengewe salio. Mwanakandarasi asiyelipwa huacha shimo wazi, na shimo hilo ndilo mpinzani atakalopigia picha.

Kijana_Shaabab
Nimenakili yote. Kwa anayelenga 2027, aanze na nini mwezi huu?

Karani_wa_Zamani
Aende ofisi ya mipango ya kaunti au tovuti yake achukue CIDP ya 2023–2027, ADP ya mwaka huu na bajeti iliyopitishwa. Atafute jina la wadi yake katika zote tatu, na aorodheshe kila mradi uliotajwa na kiasi chake. Kisha atembee na orodha hiyo, na kalamu, aandike kando ya kila mmoja: upo, haupo, umeanza ukaachwa. Wadi ya mjini ni ndogo, siku mbili zinatosha kwa miguu. Abebe na rula ya Mhandisi.